Ndugu ni Kufaana: Mwongozo wa Mgeni Katika Ukoo wa Muhogo

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu mmoja tu: yule anayejua miti. Asiyejua hauhitaji, maana asiyejua huuliza, na kuuliza si ujinga. Anayejua ndiye aliye hatarini. Akiona shina nene lenye miiba, anasema papo hapo kwamba ni mpungate. Akiona mti umesimama kwenye matope ya bahari, anasema mkoko. Akiona maua mekundu ya Krismasi, anasifu petali zake. Watoto wanamsikiliza, wanaandika daftarini, na kosa linarithiwa.

Basi wewe unayejua, karibu. Vua viatu, acha majivuno mlangoni, na usiguse kitu chochote chenye utomvu mpaka uambiwe.

Ujue kwanza umealikwa wapi

Ukoo wenyewe unaitwa Malpighiales. Kwa lugha ya wanabotania hii ni oda, yaani kundi linalokusanya familia nyingi zilizotoka kwa babu mmoja. Jina linatokana na jenasi Malpighia, iliyoitwa hivyo kwa heshima ya Marcello Malpighi, daktari wa Bologna aliyeona kwa hadubini mishipa midogo kabisa ya damu katika mapafu ya chura, mwaka 1661. Wanaukoo ni takriban spishi 16,000, katika familia 36 hivi, na wengi wao wanaishi kwenye nchi za joto.

Waliohudhuria leo ni hawa: muhogo, mbarika, mpira, mpasheni, mkoko, mchongoma, mbura, kitani kinachofumwa nguo, koka ya milima ya Andes, na ua moja la Sumatra lenye upana wa meta moja linalonuka mzoga. Watazame vizuri. Tafuta kitu kimoja walichofanana wote, iwe jani, ua, tunda au gome. Usipokiona, pokea pongezi: tangu Linnaeus alipochapisha orodha yake kubwa ya mimea mwaka 1753 hadi miaka ya 1990, hakuna mtaalamu aliyewahi kuwakalisha wote hawa kwenye mkeka mmoja.

Kosa la kwanza: kutafuta sura ya ukoo

Katika koo nyingine unaweza kumtambua mtu kwa paji la uso. Jamii ya kunde inajulikana kwa maganda yake, na nyasi zinajulikana kwa masuke. Huku kwetu utaumiza macho bure. Hakuna alama moja ya nje wanayoibeba wote.

Kilichowakutanisha ni vinasaba. Katika miaka ya 1990 watafiti walianza kulinganisha jeni za mimea kutoka kila pembe ya dunia, na mwaka 1998 kundi la wanabotania linalojulikana kwa kifupi kama APG likatoa mpangilio mpya wa mimea itoayo maua. Humo ndimo muhogo, mkoko na kitani walipowekwa pamoja. Toleo la nne la mpangilio huo, la mwaka 2016, lina oda 64 na familia 416, na ukoo wetu umebaki mahali pake.

Hata hivyo usimwulize mtaalamu nani kaka mkubwa na nani kitinda mimba. Atakunywa maji kwanza. Matawi makuu ya ukoo huu yalichipuka haraka sana, takriban kati ya miaka milioni 112 na 94 iliyopita, wakati dinosaria bado wanatembea duniani. Matawi yakiachana kwa kasi namna hiyo, jeni hazipati muda wa kukusanya tofauti za kutosha kuonyesha nani alitangulia. Ndiyo maana Malpighiales imewasumbua wachora nasaba kuliko oda nyingi. Kwa upande mwingine, umri huo wa matawi umewafanya watafiti waamini kuwa misitu ya mvua ya tropiki tunayoijua ilianza kujengeka zama hizo, kwa sababu miti mingi inayoishi chini ya dari ya misitu hiyo ni ya ukoo huu.

Kosa la pili: kuita kila chenye miiba mpungate

Nenda Hifadhi ya Ziwa Nakuru, nchini Kenya. Utakuta msitu wa miti mikubwa ya kijani isiyo na majani ya maana, matawi yamenyanyuka juu yote pamoja, kila tawi lina kingo na miiba. Anayejua miti atasema amefika Meksiko. Ile ni Euphorbia candelabrum, mwenyeji halisi wa Afrika na ndugu wa muhogo. Mpungate na jamaa zake asili yao ni Amerika, na wako katika oda nyingine kabisa.

Mimea hii miwili ilikutana na taabu moja, ukame, kila mmoja katika bara lake, na kila mmoja akafikia dawa ileile: punguza majani, nenepesha shina, weka maji ndani, panga miiba nje. Mageuzi hurudia suluhisho zuri bila kumwuliza aliyelitumia kwanza.

Ukitaka kuhakikisha, kata kidogo. Euphorbia hutoa utomvu mweupe kama maziwa, mpungate hautoi. Lakini usifanye jaribio hili kwa mkono unaojipangusia jicho. Waliokata ua wa minyaa bila tahadhari wanajua habari hiyo: tone moja la utomvu wake likiingia jichoni, mtu anaweza kupoteza kuona kwa siku kadhaa na kuomba aongozwe kwenda zahanati. Ng'ombe na mbuzi wanalijua hilo zamani, ndiyo maana ua wa minyaa hauliwi.

Na sasa, ukiwa umejifunza kwamba utomvu mweupe ni dalili ya ukoo wa muhogo, sahau. Mfenesi unao, mkuyu unao, mpapai unao, na hakuna hata mmoja kati yao aliye wa oda hii. Mpira nao una mtego wake. Mpira wa mashamba makubwa ni Hevea brasiliensis, wa kwetu kabisa: mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alitoa mbegu zake kama 70,000 Brazili akazipeleka London, na kutoka huko miche ikaenda Asia. Lakini mpira ambao watu wa Kongo walikatwa mikono kwa ajili yake enzi za Mfalme Leopold II ulitoka zaidi kwenye mitambaazi ya msituni ya jenasi Landolphia, ambayo ni ya oda ya mbuni unaotupa kahawa.

Kosa la tatu: kuamini ua

Yale maua mekundu ya Krismasi yanayouzwa kwenye vyungu asili yake ni Meksiko, na Wamarekani waliyajua kupitia Joel Poinsett, balozi wao huko katika miaka ya 1820. Wekundu unaousifu ni majani. Maua yenyewe ni vile vipele vya manjano vya katikati ambavyo hukuvitazama. Na hata hivyo vipele ukiviita ua utakuwa umekosea mara ya pili: kila kimoja ni kikombe chenye ua jike moja katikati, limezungukwa na maua dume, kila dume limebakiwa na stameni moja tu. Jenasi Euphorbia, yenye spishi kama 2,000, yote inafanya mchezo huu. Jamaa wamebana matumizi mpaka kundi zima la maua likawa linaonekana kama ua moja dogo.

Sasa mgeukie ndugu yao wa Sumatra. Rafflesia haina jani, haina shina, haina mizizi. Inaishi kama nyuzi ndani ya mwili wa mtambaazi wa jamii ya mzabibu, ikinyonya kila kitu, na siku ikiamua kujionyesha hutoa ua linaloweza kufikia upana wa meta moja na uzito wa kilo kadhaa, lenye harufu ya nyama iliyooza ili kuwaita nzi. Huko Sumatra Wazungu waliliona mwaka 1818, katika msafara wa Stamford Raffles. Mtumishi Mmalay ndiye aliyeliona kwanza na kumwita daktari wa msafara, Joseph Arnold. Daktari alikufa kwa homa mwaka huohuo. Ua likapewa majina ya mabwana wawili, na jina la aliyeliona halikuandikwa popote kwenye ua hilo.

Kwa karibu miaka 200 hakuna aliyejua litundikwe wapi. Mmea usio na majani hautoi ushahidi wa majani, na hata jeni zake zilileta vurugu, kwa sababu baadhi yake zilikuwa za mwenyeji wake, zimeibwa pamoja na chakula. Mwaka 2007 timu iliyoongozwa na Charles Davis wa Chuo Kikuu cha Harvard ikatoa jibu: Rafflesia imechipuka ndani ya nasaba ya familia ya muhogo, familia ambayo maua yake mengi ni ya milimita chache. Walikadiria kwamba kipenyo cha ua kiliongezeka karibu mara 79 katika muda wa miaka kama milioni 46. Kwa hiyo ukila kisamvu leo mchana, umekula majani ya binamu wa ua kubwa kuliko yote duniani.

Kosa la nne: kudhani mikoko yote ni ndugu

Hili ni kosa la watu wa pwani, na kwa kuwa wanajua bahari wanalitetea kwa nguvu. Ingia na ngalawa katika delta ya Rufiji. Utaona miti imesimama pamoja kwenye tope lilelile, chumvi ileile, maji yakijaa na kupwa kwa wote. Utadhani ni watoto wa tumbo moja.

Mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyopinda kama magoti, ni wa ukoo wetu. Mkandaa, ambao gome lake hutoa rangi, ni wetu. Msinzi ni wetu. Lamu wanauita muia. Mbegu za hawa watatu huchipuka zikiwa bado juu ya mti, zikarefuka kama mikuki, kisha zikaanguka zikiwa miche tayari kuota au kuelea kwenda kutafuta ufuko mwingine.

Waliobaki ni wapangaji. Mchu uko oda moja na ufuta, mrehani na msaji. Mkomafi ni wa familia ya mwarobaini. Mlilana ni wa familia ya mkomamanga na mhina. Msikundazi ni wa familia ya mbuyu, pamba na bamia. Na kikandaa, ambao kwa jina ungedhani ni mtoto wa mkandaa, ni wa familia ya mkungu. Koo tano zimehamia mtaa mmoja kila moja kwa safari yake, na tope limewavisha sare.

Na ndugu wa karibu kabisa wa mkoko je? Ni familia ya koka, ile ambayo majani yake hutafunwa Andes na kokeini hutengenezwa humo. Boriti zilizobebwa na majahazi kutoka pwani yetu kwenda Uarabuni na Ghuba kwa vizazi, zikashikilia dari za watu wema na wacha Mungu, zina jamaa huyo. Mtu hachagui binamu.

Kosa la tano: kupanda mchongoma

Wahenga walishaonya: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Hawakujua kwamba onyo hilo lingewahusu wanabotania pia. Mchongoma, Flacourtia indica, uliipa jina familia iliyoitwa Flacourtiaceae, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ghala la mimea iliyoshindikana. Ukiwa na tawi kavu la mti wa tropiki usioujua, unaliweka humo na kwenda nyumbani. Mwaka 2002 watafiti walichapisha uchambuzi wa vinasaba vya familia hiyo, na kichwa cha makala yao kilitania desturi hiyohiyo: ukiwa na shaka, tupa humo.

Wakati wa kushuka ulipofika, ghala likabomolewa. Mchongoma wenyewe, pamoja na kayaba inayozungushiwa mashamba Kenya, ukahamishiwa familia ya Salicaceae, yaani familia ya mti wa Ulaya ambao gome lake lina salisini. Kutokana na utafiti wa kemia ya gome hilo dunia ilifika kwenye dawa iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1897 na kuuzwa kwa jina la aspirini tangu 1899. Kwa hiyo ukianguka kutoka mchongomani ukaumia kiuno, dawa utakayomeza ina mizizi katika familia ya mti uliokuangusha.

Wapo pia wanaojipenyeza kwenye ukoo huu bila haki. Miraa hutafunwa kama koka, lakini ni ya oda nyingine. Lile ua dogo la zambarau la milima ya Usambara, lililopewa jina la Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani wa Tanga, na kuuzwa Ulaya kama jamaa wa jenasi Viola ya ukoo wetu, si jamaa wa Viola hata kidogo. Liko na mchu na ufuta. Viola halisi ya Afrika Mashariki ipo, Viola eminii, inaota kwenye baridi ya Kilimanjaro na Rwenzori bila kumsumbua mtu.

Kosa la sita: kula kwanza, kuuliza baadaye

Hapa mzaha unapungua. Ukoo huu unalisha mamilioni ya watu, na kwenye sahani hiyohiyo unaweza kuua.

Muhogo ulikuja Afrika na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16. Kila sehemu yake ina linamarini, kemikali ambayo mmea ukijeruhiwa huachia sianidi. Ni silaha dhidi ya walao majani, na wewe ni mmoja wao. Muhogo mtamu unayo kidogo, muhogo mchungu unayo nyingi. Wazee wa Amazonia walijua, na akina bibi wa huku wakajua: menya, loweka siku kadhaa, anika, twanga. Makopa na udaga ni kazi ya kuondoa sumu, na kisamvu hutwangwa sana na kuchemshwa muda mrefu kwa sababu hiyohiyo, awe anayekipika ni mama wa Tanga au wa Bukavu anayekiita sombe.

Anayefupisha kazi hiyo hulipa. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli alieleza ugonjwa wa konzo kutoka Kwango, Kongo: mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Mwaka 1985, mwaka wa ukame, ugonjwa huo ulizuka Tarime, Tanzania. Njaa ilikuwa imewafanya watu wapunguze siku za kusindika muhogo mchungu, na mlo wao haukuwa na protini ya kutosha kuusaidia mwili kuondoa sianidi. Waliopigwa zaidi ni wanawake na watoto.

Mbarika nao una siku zake. Mafuta yake ni salama kwa sababu sumu yake, risini, ni protini isiyoyeyuka kwenye mafuta; inabaki kwenye mashudu. Mbegu zenyewe, zenye madoa ya kupendeza, usimpe mtoto azichezee. Mwandishi Georgi Markov, Mbulgaria aliyekimbilia London, alichomwa mguuni mwaka 1978 akisubiri basi. Kipira kidogo cha metali kilikutwa mwilini mwake baada ya kifo chake, na wachunguzi walikubaliana kwamba kilibeba risini.

Kosa la saba: kumdharau binamu asiye na faida

Kosa hili lina pande mbili. Upande wa kwanza ni kumtarajia binamu miujiza. Miaka ya 2000 mbono kaburi ulitangazwa kuwa utatoa dizeli kwenye ardhi kavu bila jasho. Wawekezaji wakachukua maelfu ya hekta Kisarawe na Kilwa. Mti kweli huishi kwenye ardhi kavu. Kuzaa humo kwa faida ni habari nyingine. Miradi ikaanguka, ardhi ikabaki na kesi.

Upande wa pili ni kumtupa. Wajerumani walipanda mpira wa Ceara, Manihot glaziovii, katika koloni lao la Afrika Mashariki, na bei ya mpira ilipoporomoka mwaka 1913 mashamba yakawa hasara. Mti ukaachwa ukiota ovyo. Watu wa Tanga wakachuma majani yake wakapika kisamvu cha mpira. Wakati huo muhogo ulikuwa tayari unaumwa: ugonjwa wa virusi uitwao batobato uliripotiwa Usambara mwaka 1894. Katika miaka ya 1930, H. H. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols, katika kituo cha utafiti cha Amani, waliupandisha muhogo na yule binamu aliyetupwa, kisha wakarudisha uzao kwa muhogo mara kadhaa mpaka ukapata mizizi ya kuliwa na damu ya kupambana na virusi. Uzao wa Amani ulipelekwa Nigeria, ukawa msingi wa aina nyingi zenye ukinzani, na batobato kali ilipoifagia Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, baadhi ya aina zilizorudisha muhogo mashambani zilikuwa na damu hiyo.

Hiyo ndiyo faida ya kujua nasaba ya mimea, na ndiyo maana watu wazima wanabishana juu yake maabara. Anayejua nani ndugu wa nani anajua pa kwenda kuomba msaada mazao yakiugua, na anajua pia sumu ya mmoja inaweza kuwa imejificha kwa mwingine. Ndugu ni kufaana, si kufanana.

Masharti ya kuondokea

Loweka muhogo mchungu siku zinazotakiwa, hata mwaka wa njaa. Mwaka wa njaa ndio hasa. Nawa mikono ukimaliza kukata minyaa, kabla hujagusa uso. Weka mbegu za mbarika mbali na watoto. Usikate mkoko kwa kudhani mchu utashika nafasi yake. Ni jirani tu. Na shambani mwako ukikuta binamu wa muhogo asiye na kazi, mwache aishi.